Rezini imekuwa maziwa ya buluu

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni seremala, niko Tanga. Mteja ameniagiza meza ya sebuleni ya mbao za mwembe, katikati iwe na mto wa rezini ya buluu, na chini yake mchanga mweupe na makombe yaonekane kama mtu anachungulia baharini kutoka kwenye mtumbwi. Mto una urefu wa sentimita 60, upana 15 na kina 4. Rezini ni epoksi ya makopo mawili, yanayochanganywa yakaganda ngumu kama kioo. Nilijaribu kwanza kwenye kifuniko cha chupa, rangi ikatoka safi. Nilipomimina kwenye meza imekuwa kama maziwa yaliyotiwa wino, hakuna kombe hata moja linaloonekana. Rangi niliyotumia ni rangi ya maji ya kupakia ukuta, kijiko kimoja cha chai tu. Imekauka ngumu kabisa, na rezini iliyobaki kwenye kopo ni safi kama maji. Jirani anasema nimeuziwa feki. Mwingine anasema ningetia thina kidogo ingekuwa nyepesi. Wa tatu kanishauri rangi ya chakula, kwa sababu soda ina rangi na bado unaona upande wa pili. Nimsikilize nani, na meza hii inaokoka?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa meza, na pole zaidi kwa makombe, maana kuokota kombe zima lisilomeguka si kazi ya asubuhi moja. Unachotaka ni rangi iwepo na bado jicho lifike chini. Kinawezekana, na hakihitaji rezini ya bei mbaya kuliko hiyo uliyonayo. Majirani zako watatu wote wamekosea, ila wa soda ameukaribia ukweli bila kujua.

Nenda jikoni uweke glasi mbili mezani. Moja mimina chai ya rangi, ikolee mpaka iwe damu ya mzee. Nyingine mimina chai ya maziwa, tena iliyopauka. Tumbukiza kijiko kila moja. Kwenye chai ya rangi utakiona kijiko mpaka ncha, japo kimevaa wekundu. Kwenye chai ya maziwa kinapotea mara tu kikizama, ingawa chai yenyewe ni nyeupe kuliko ile. Kukolea ni jambo moja, kuziba ni jambo jingine. Wewe ulitia kijiko kimoja "tu" ukidhani uchache wa rangi ndio utakaoacha njia. Ungetia nusu kijiko ungepata maziwa vilevile, ila yaliyopauka zaidi.

Rangi ya majani ya chai imeyeyuka. Imevunjika mpaka molekuli moja moja, ndogo mno kuuyumbisha mwanga. Inameza sehemu fulani ya mwanga na kuacha nyingine ipite, na iliyopita inakwenda moja kwa moja hadi kwenye kijiko, kisha inarudi jichoni. Maziwa hayajayeyuka. Ni matone ya mafuta na chembe za protini zinazoelea majini, na mwanga ukigonga tone unapinda, ukigonga la pili unapinda tena, mpaka unatoka juu ya glasi ukiwa umesahau ulikotoka. Jicho linaona weupe, halioni kijiko.

Kwa nini chembe nyingine zipinde mwanga na nyingine zisipinde? Itazame karatasi ya maandazi. Ikiwa kavu huoni kitu nyuma yake. Mafuta yakiingia, pale yalipolowa panapitisha mwanga, hata maandishi ya upande wa pili unayaona. Nyuzi za karatasi zipo palepale. Kilichotoka ni hewa iliyokuwa katikati yake, na kilichoingia ni mafuta. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina kipimo chake cha kuupinda: hewa ni 1, maji 1.33, mafuta ya kupikia karibu 1.47, nyuzi za karatasi karibu 1.5. Vitu viwili vyenye vipimo vinavyokaribiana vikikaa pamoja, mwanga unapita kama hakuna mpaka. Vikiachana, unapinda kila mpakani.

Epoksi iliyokauka ina karibu 1.55. Weupe uliomo ndani ya rangi ya ukuta ni titani dioksidi, na kipimo chake kinafika karibu 2.7. Hapo hapana ujirani. Wala si bahati mbaya: ukuta ukiwa na doa la moshi, kazi ya rangi ni kulificha, na unga huu ulichaguliwa kwa sababu hiyo hasa. Buluu nyepesi ya ukutani kwa kawaida ni ndoo nyeupe iliyotiwa buluu. Basi wewe umetia kijiko cha kificho ndani ya kitu ulichotaka kionyeshe.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha hapa. Buluu ya unga ya kufulia, ile ya kizamani, ni rangi iitwayo ultramarini, na kipimo chake ni karibu 1.5. Ni chembe, haiyeyuki, lakini kwa kuwa inakaribiana na epoksi haizibi kama weupe wa ukuta. Usikimbilie dukani, hata hivyo. Ile ya kufulia mara nyingi huchanganywa na soda ya unga, si ile ya kunywa, na vijazo vingine, na madonge yake hayavunjiki vizuri kwa kukoroga.

Sasa kile kifuniko, kilichokudanganya kuliko majirani wote. Kina chake ni milimita chache, na meza yako ni sentimita 4. Tuseme una rangi inayopitisha nusu ya mwanga katika sentimita 1. Sentimita ya pili inapitisha nusu ya ile nusu, yaani robo. Baada ya ya tatu imebaki thumni. Baada ya ya nne imebaki sehemu 1 kati ya 16. Na hatujafika, kwa sababu mwanga unaokuonyesha kombe unashuka, unagonga mchanga, halafu unapanda tena sentimita zilezile 4. Safari nzima ni sentimita 8, na kinachorudi ni sehemu 1 kati ya 256. Hata rangi nzuri inayoyeyuka, ukiipima kwenye kifuniko na kuridhika, mezani itakuwa usiku. Wewe umekulia pwani, jambo hili umeliona: maji ukiyachota kwa kata hayana rangi, na kule mkondoni maji yaleyale ni buluu. Tofauti ni kina.

Niwarudie majirani. Rezini feki au iliyokosewa vipimo hunata, hubaki laini kama ubani uliotafunwa, au hutoka na mabaka magumu na mabaka mabichi. Yako imekauka ngumu na kopo lake ni safi, kwa hiyo muuzaji hana deni. Thina haingeondoa chembe hata moja. Ingenaswa ndani, ikaiacha rezini laini, na ikaendelea kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku kipande kinasinyaa na kubonyea. Rangi ya chakula inapitisha mwanga ndani ya soda kwa sababu soda ni maji na rangi hiyo imetengenezwa iyeyuke majini. Epoksi haiyapokei maji namna hiyo. Ya majimaji itagawanyika vitone vidogo, na vitone ni maziwa yaleyale kwa mlango mwingine. Ya unga itaelea kama vumbi. Swali la kumwuliza muuzaji wa rangi yoyote ni hili: inayeyuka ndani ya nini?

Unachotafuta ni rangi ya kuyeyuka iliyotengenezwa kwa epoksi, ambayo kopo lake linasema kazi inabaki angavu. Ukikosa, wino wa alkoholi unafaa, ule wa vichupa vidogo wanaotumia wachoraji, maadamu ni wa rangi tupu na si mweupe wala wa madini yanayong'aa. Matone machache tu: spiriti ikizidi, epoksi haikomai sawasawa. Ile poda inayometameta kama lulu iache kabisa kwa kazi hii. Ni vipande vya mika, jiwe linalong'aa, vilivyovishwa titani ileile. Vinapendeza, lakini ni pazia. Utaambiwa pia rangi ya mikeka, ile inayochemshwa na ukili. Baadhi zinayeyuka kwenye spiriti, ila hadina ya epoksi, yaani kopo la pili linaloigandisha rezini, ni kemikali ya jamii ya amini, na zipo rangi zinazopauka au kugeuka zikikutana nayo. Una hamu? Jaribu kwa gramu 20, si kwa meza ya mteja.

Kujua uliyopewa ni ya kuyeyuka au ya chembe, fanya hivi. Tia tone moja kwenye glasi ya rezini isiyo na hadina, koroga, iache mapovu yapande. Toboa karatasi tundu dogo, ifunike tochi ya simu, zima taa, kisha piga mwanga kwa ubavuni mwa glasi. Ukiona mstari wa mwanga umekatiza ndani, kama jua linaloingia kwenye ufa wa mlango chumbani mwenye vumbi, hizo ni chembe. Ukiwa hauonekani, au unaonekana kwa shida, rangi imeyeyuka.

Kupima ndiko wengi wanakoharibu, kwa sababu kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kwa kijiko. Tengeneza rangi mama. Pima gramu 99 za kopo la rezini, bila hadina, utie gramu 1 ya rangi, ukoroge polepole mpaka usione mchirizi. Sasa kila gramu 10 za mchanganyiko huo zina gramu 0.1 ya rangi, na kosa la gramu moja kwenye mizani halikuangamizi. Rangi mama inakaa kwenye chupa iliyofungwa, na mteja mwingine akija unampa buluu ileile.

Halafu chukua glasi yenye pande zilizonyooka, iweke juu ya karatasi nyeupe, tupa kombe moja ndani, mimina rezini isiyo na hadina mpaka kina kiwe sawasawa na cha meza. Kama ni sentimita 4, ziwe 4 kwa rula. Ongeza rangi mama gramu moja moja, koroga, subiri, chungulia kwa juu, siyo kwa ubavu. Utashangaa jinsi buluu inavyokuja mapema. Nakushauri usimame hatua moja kabla ya pale unapopapenda, kwa sababu sebule ya mteja haina mwanga wa karakana yako. Andika gramu ulizotia na gramu za rezini. Hakuna kilichopotea: hadina haijaingia, na rezini yote unaweza kuirudisha kwenye kazi. Mwisho changanya kipande kidogo na hadina, kikauke, uone kama rangi imebaki ile.

Angalizo la hesabu. Rangi mama ni rezini, kwa hiyo ihesabu upande wa rezini. Kama kopo lako linasema 2 kwa 1 kwa uzito, na unataka kilo 3, unahitaji gramu 2,000 za rezini na 1,000 za hadina. Ukitia gramu 40 za rangi mama, rezini tupu ipime 1,960. Na rangi inaingia kwenye rezini kabla ya hadina, ili uwe na muda wa kukoroga bila saa kukukimbiza.

Ukishashinda chembe, weupe bado una njia nyingine za kuingia. Mchanga wa pwani una unyevu na chumvi. Uoshe kwa maji ya kawaida, uukaushe kwenye sufuria mpaka uchezecheze kama chumvi ya duka, uuache upoe. Makombe yana hewa tumboni, na epoksi ikipata joto lake hewa hiyo inatoka kama kamba ya mapovu na kugandia katikati. Yajaze rezini kidogo kwanza, yakauke, ndipo uyapange. Mbao nazo zipake rezini nyembamba kingoni siku moja kabla, la sivyo vinyweleo vyake vitapumulia ndani ya mto wako. Mwembe ambao haujakauka vizuri usiuguse. Masika ya Tanga yanaweza pia kukuletea utando mweupe wa kuteleza juu ya kazi, hadina imekutana na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani. Huo unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya msasa. Ukianza na msasa unaufukia.

Kina nacho kina sheria yake. Epoksi ya kupakia juu ya meza na epoksi ya kumimina kwa kina ni vitu viwili, na kopo linaandika kina cha juu kwa mara moja. Epoksi inakauka kwa kujipasha joto yenyewe. Ikiwa nene joto halipati pa kutokea, ikachemka, ikageuka manjano, ikapasuka, hata ikafuka moshi. Joto likipanda nyuzi 10, kazi inakimbia karibu mara mbili, na karakana ya pwani saa nane mchana si mahali pa kumimina kilo kadhaa. Mimina jioni, kwa tabaka kama kopo linavyosema. Ukitumia wino wa alkoholi, usipitishe moto wa gesi juu ya rezini mbichi kupasua mapovu. Spiriti inashika moto.

Mwambie mteja ukweli huu kabla hajalipa: rangi za kuyeyuka hupauka juani, na epoksi yenyewe hugeuka manjano kwa miale ya jua. Buluu ukiitia manjano unapata kijani. Sebuleni mbali na dirisha meza itakaa miaka bila malalamiko. Barazani, sivyo. Kama anataka barazani, tafuta epoksi yenye kinga ya jua na rangi ya chembe laini sana zilizosagwa kwa ajili ya kubaki angavu. Hizo huvumilia jua zaidi, ila mstari wa tochi utauona kidogo.

Kuhusu mwili wako. Vaa glavu za nitrili, na rezini ikikugusa ngozi ioshe kwa sabuni, si kwa thina wala asetoni, maana hizo zinaipenyeza zaidi. Mzio wa epoksi hauji siku ya kwanza. Unaweza kufanya kazi mwaka mzima, kisha siku moja mikono ikawasha na kope zikavimba, na ukishaupata mara nyingi hauondoki. Ukiona vipele vinavyorudi kila ukimimina, acha kazi uende kwa daktari wa ngozi na kopo ulibebe, asome kilichomo. Kifua kikibana, usingoje kesho. Hadina ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Vumbi la msasa ni adui pia: tumia barakoa ya vumbi, au piga msasa wa maji.

Sasa meza iliyopo. Chembe zilizokwishakaukia ndani hazitoki, na nisingependa ulipe fundi wa polishi akudanganye. Lakini kwanza fanya jaribio la dakika moja: pangusa juu kwa kitambaa chenye maji mengi. Kama chini panaanza kuonekana palipolowa, sehemu ya ukungu ni mikwaruzo ya juu, na msasa wa 400 kwenda 2,000 kisha polishi utasaidia. Kwa kijiko chako cha rangi ya ukuta sidhani, ila maji ni bure.

Ikikataa, usiitupe. Chukua ruta, mashine ya kuchimbia mbao, uchimbe mto sentimita 2.5, uache sentimita 1.5 za maziwa ya buluu chini. Makombe yaliyozikwa hayataonekana tena, na kama ulilaza mengine wima utayakata vichwa, kwa hiyo shuka kwa awamu nyembamba za milimita 2 au 3, miwani machoni. Piga msasa wa 80 sakafuni na kingoni, futa vumbi, panga mchanga mkavu kwa mabaka mabaka na makombe mapya juu yake, kisha mimina rezini ya rangi ya kuyeyuka, nyepesi kuliko unavyodhani. Ni kama lita 2.25, kilo mbili na nusu hivi. Kama hujawahi kutumia ruta kwenye epoksi, omba fundi mwenye uzoefu akushikie awamu ya kwanza, kwa sababu jino la ruta likipata moto linaivuta rezini badala ya kuikata. Ile sakafu ya maziwa, ikiwa chini ya tabaka angavu, inaonekana kama bahari inayoendelea kushuka pale mchanga unapoishia. Kwa glasi yako ya majaribio, basi, weka karatasi yenye buluu hiyohiyo chini badala ya nyeupe, na kina kiwe 2.5.